Mvua Inapokutana na Bamvua

Jirani yetu mmoja huku Mishomoroni, Mombasa, mvuvi aliyeachishwa bahari na magoti, hana haja ya utabiri wa redio. Ana mwezi. Mawingu ya mwaka, yaani masika, yakianza kujipanga upande wa kusi, hutoka barazani na kikombe chake cha kahawa, akahesabu siku za mwezi mwandamo kwa vidole, kisha akatoa hukumu: "Leo mwezi kumi na tano. Ikinyesha alasiri, inueni magodoro." Ikiwa ni mwezi nane au ishirini na mbili, hata mvua iwe ya kutoboa mabati, yeye hasemi kitu. Humaliza kahawa yake akaingia ndani kulala.

Kwa muda mrefu nilidhani ni mbwembwe za wazee. Nikainua magodoro mara tatu kwa amri yake, na mara ya nne nikapuuza, godoro likalowa hadi likanuka. Ndipo nikaenda kumkalia kitako.

"Shikamoo babu. Hebu nieleze, mwezi una nini na mvua?"

Akaitikia marahaba, akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya msikitini na mtoto aliyezaliwa mtaa huo huo. "Mwezi hauna neno na mvua. Maji ya mvua yaenda wapi?"

Nikamwambia baharini.

"Na bahari ikiwa imejaa?"

Swali hilo ni nusu ya habari nzima ya mafuriko ya Mombasa, na silisikii sana kwenye mabaraza yanayoitishwa kila mvua ikishatuharibia. Huko maneno ni mitaro: izibuliwe, ichimbwe, ipanuliwe. Sawa. Lakini mtaro hauli maji. Unayachukua hapa ukayapeleka pale, na shida yetu kubwa iko huko pale.

Bahari ya hapa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti kati ya kujaa na kupwa ni kama mita moja tu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti hiyo hupita mita 3. Na bamvua la Mombasa lina saa zake ambazo kila mvuvi anazijua: hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, kisha siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi.

Sasa uchukue mtaro unaomwaga horini. Hori ni ule mkono wa bahari unaoingia bara; tunayo mawili makubwa, la Tudor na la Port Reitz, yanayokizunguka kisiwa kama mikono ya mtu aliyebeba mtoto. Mjenzi wa mtaro huuweka mdomo wake chini kadiri awezavyo ili apate mteremko. Maji yakipwa, mdomo uko wazi na mtaro unatapika vizuri. Bamvua likijaa, mdomo umezama. Ili maji ya mvua yatoke wakati huo, lazima kwanza yajikusanye ndani ya mtaro hadi yawe juu kuliko bahari iliyo nje. Kabla ya kufika kimo hicho, mara nyingi huwa yamekwisha kupata njia nyingine, na katika mtaa wa chini njia hiyo ni mlango wako wa mbele. Mtaro usio na kizuizi mdomoni huwa hata barabara ya bahari kupandia. Pengine siku ya jua kali, bila tone la mvua, utaona maji yamesimama mtaroni. Chovya kidole uonje, ni ya chumvi.

Watu wa bara wakisikia mafuriko huwaza mto: Nzoia umevunja kingo, Tana umepanda mashambani. Kwetu mto haupigi hodi hivyo. Kisiwani hakuna mto hata mmoja. Ila mito ipo nyuma yetu. Kombeni na Tsalu hushuka kutoka upande wa Rabai na Kaloleni wakaingia hori la Tudor. Mwache hutoka Kwale ukaingia Port Reitz. Muda mwingi wa mwaka ni vijito ambavyo mtoto anavuka bila kukunja suruali. Mvua kubwa ikinyesha huko juu hushuka kwa kishindo, maji mekundu kwa udongo, na yakilikuta hori limejaa hayana pa kutandaa isipokuwa kandokando, kwa wale waliojenga mabondeni kichwani mwa hori.

Kwa hiyo tuna maji matatu: ya mawinguni, ya mitoni na ya baharini. Moja moja tunayaweza. Yanapokutana saa moja ndipo tunapopata zile tarehe ambazo watu hukumbukia harusi na misiba: El Niño ya 1997, Oktoba 2006, Mei 2017, Novemba 2023. Tatu kati ya hizo ni za vuli, na hazikuangukia vuli kwa bahati mbaya. Miaka hiyo mitatu Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukipoa. Hewa yenye unyevu ikajazana kwetu na vuli ikanona. Ile ya Mei 2017 ni mwaka wenyewe, mvua ya masika, ambao hauhitaji msaada wa mtu: Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa.

Ardhi si moja

Kabla ya kufika kwenye mitaro, tutazame chini ya miguu, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi mizuri huharibikia. Mombasa inatajwa kama mji mmoja lakini inakaa juu ya ardhi tatu.

Kisiwa, na ukanda wa Nyali hadi Bamburi kandokando ya pwani, ni jiwe la matumbawe. Jiwe hili lina nyufa na mapango. Anayechimba choo kisiwani anaijua tabia yake: sururu inagonga, inagonga, cheche zinaruka, ghafla inatumbukia mahali patupu. Maji nayo hutumbukia hivyo hivyo, mradi uso wa jiwe haujafunikwa.

Ndani zaidi ya Kisauni na sehemu za Likoni ni mchanga. Mchanga unakunywa sana, lakini maji ya ardhini hayako mbali, na wiki mbili za mvua mfululizo huyapandisha. Baada ya hapo mchanga umeshiba. Ndiyo maana mvua ya kwanza ya mwaka hupotea yote mbele ya macho yako, na mvua ya ishirini, ndogo kuliko ile, inasimama uani siku nne. Watu husema ni kwa sababu mtaro umeziba. Huenda umeziba, lakini hata ungekuwa wazi, ua wenyewe hauna nafasi tena.

Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini ni habari nyingine kabisa: vilima vya udongo mzito uliotokana na mwamba laini wa matabaka. Udongo huu haunywi. Maji hukimbia juu yake, hukata makorongo, huchimba misingi na kuangusha kuta. Kisauni maji huua kwa kusimama. Mikindani huua kwa kukimbia. Shimo la kupotezea maji linalomsaidia mtu wa Bamburi, ukilichimba Mikindani umejichimbia karai.

Nalitaja hili kwa sababu nimewahi kukaa katika mkutano ambapo mchoro mmoja wa mtaro, upana ule ule na kina kile kile, ulitundikwa ukutani kwa ajili ya kata zote. Hakuna aliyeuliza.

Mitungi 250 juu ya paa moja

Hesabu yenyewe haihitaji mhandisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 10, ikinyeshewa milimita 50, imemwaga lita 5,000. Hiyo ni mitungi 250 ya lita ishirini, na mtu wa Mombasa anaujua uzito wa mtungi mmoja, sembuse mkokoteni mzima.

Sasa tupande kwenye hekta. Hekta moja ya shamba la minazi kwenye mchanga, mvua ya milimita 50 kwa saa, tuseme inaachilia sehemu moja ya tano ikimbie, nyingine inazama. Hizo ni lita 28 hivi kwa sekunde. Kata minazi, jenga nyumba za mabati na ghorofa zenye slabu, tandaza kabro, yale matofali ya saruji, uani kote ili gari lisikanyage tope, na hekta ile ile itaachilia sehemu nne kati ya tano. Sasa ni lita 111 kwa sekunde. Mvua haijaongezeka hata kidogo, lakini maji yamekuwa mara nne. Tena yanafika mtaroni kwa mpigo, kwa sababu hakuna nyasi wala mchanga wa kuyachelewesha.

Kwa hivyo mtaro uliochimbwa miaka thelathini iliyopita haukuwa na kasoro. Ulipimiwa shamba, sasa unabeba mji.

Kuna kosa jingine la macho. Watu huona bomba la kipenyo cha sentimita 30 wakadhani linabeba nusu ya lile la sentimita 60. Kwenye mteremko ule ule, dogo hubeba karibu sehemu moja tu ya sita ya kubwa. Kwa hiyo fundi anayeokoa pesa kwa kuweka kalvati jembamba, lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara, mahali pamoja, katikati ya mtaro mpana, ameufanya mtaro wote kuwa mwembamba. Maji hujifunga hapo, na mtaa ulio juu ya kalvati hilo unafurika huku wa chini ukishangaa unaambiwa kuna mafuriko.

Kisha mteremko. Kisauni ni tambarare, na katika tambarare maji hutembea kwa uvivu. Yakishuka chini ya mwendo wa kama nusu mita kwa sekunde, nusu ya mwendo wa mtu anayerudi nyumbani bila haraka, mchanga uliokuwa umebebwa huanza kutulia sakafuni. Mtaro wa tambarare kwa hivyo hujiziba wenyewe hata mtaa ukiwa na watu wasafi kuliko wote duniani. Tusiwalaumu wauza madafu peke yao.

Ingawa, kusema kweli, madafu nayo yana lawama. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tofauti inaonekana. Lakini simama kwenye mdomo wa kalvati lolote baada ya mvua utazame kilichokwama: chupa za maji, nepi za watoto, malapa yasiyo na mwenzake, na maganda ya madafu, makubwa, mepesi, yanayoelea mpaka yanapofika mahali pembamba, yakakaa hapo kama kizibo kilichopimwa. Ganda moja likikwama, chupa kumi hujiegemeza, nepi zikaziba nafasi zilizobaki, na mchanga ukamalizia kazi ya saruji.

Na jinsi tunavyozibua! Mwezi wa tatu vijana huajiriwa, huingia mtaroni na sepeto na makoleo, jua kali, harufu ya kutapisha, wakatoa tope jeusi kwa siku mbili. Kazi ya kiume haswa. Tope hilo huwekwa wapi? Ukingoni, rundo baada ya rundo, likingoja lori. Lori halina mafuta, au limeitwa kwingine. Mvua ya kwanza hunyesha usiku, na asubuhi marundo yamerudi yalikotoka, kama wageni waliotoka nje kuvuta sigara. Nimeiona hali hii miaka mitatu mfululizo katika mtaro mmoja. Ingekuwa juu yangu, ningeajiri vijana nusu na malori maradufu.

Barabara nazo zina vituko vyake. Kila barabara ikirudiwa hupandishwa, kifusi juu ya kifusi, lami juu ya lami. Nyumba haipandi. Baada ya mara mbili tatu, ua uliokuwa sawa na barabara umekuwa chini yake kwa kimo cha goti, na mtaro wa barabara unamwaga uani badala ya ua kumwaga mtaroni. Mwenye nyumba hujenga kizingiti cha matofali mlangoni, jirani akajenga kirefu kuliko chake, na mama wa kibanda cha viazi karai akapanga magunia ya mchanga. Kila mmoja anayasukumia maji kwa asiye na kizingiti.

Mwenye mtaro ni nani? Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, inaiweka mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa mikononi mwa kaunti. Safi. Lakini barabara kuu ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, nyingine za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, zilizobaki ni za kaunti, na kila barabara huja na mtaro wake ubavuni. Tone moja la mvua laweza kupita mikononi mwa wote watatu kabla ya kuiona bahari, kila mmoja akiwa amefanya kazi nzuri mpaka kwenye mpaka wake. Mafuriko hutokea mpakani: pale mtaro mpana wa mmoja unapokutana na mwembamba wa mwingine, au pale ambapo kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayeweka kalvati.

Halafu kuna maji taka, ambayo nitayapitia haraka kwa sababu yanataka makala yake. Mombasa ina mitambo miwili ya kusafisha maji taka, Kizingo na Kipevu, na sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na wowote. Watu wanatumia vyoo vya shimo na matangi. Shimo likijaa, wako wanaotoboa bomba usiku hadi mtaro wa mvua. Mtaro ukifurika, kinachoingia jikoni si maji ya mvua tena, na kisima cha jirani kimeharibika. Kipindupindu hakiji na wingu.

Pa kuyalaza maji

Turudi kwa swali la babu. Bahari imejaa, mvua inanyesha, mdomo umezama. Ufanyeje?

Jibu la kwanza ambalo wahandisi hutoa ni mlango wa bawaba. Ni kifuniko kizito kinachoning'inizwa mdomoni mwa bomba. Maji ya ndani yakisukuma kinafunguka, bahari ikisukuma kinajifunga. Ni kifaa rahisi, hakitaki umeme, na kinazuia bahari isipande mtaroni. Kasoro yake: ganda moja la dafu likikaa kwenye ukingo wake, hakifungi. Na hata kikifunga vizuri, kimezuia bahari tu. Maji ya mvua bado yako ndani, na yataendelea kuja kwa zile saa tatu nne mpaka bahari ianze kupwa. Lazima yawe na mahali pa kulala.

Mahali hapo palikuwepo. Tazama majina yetu. Kule Kongowea na Bombolulu kuna mtaa unaitwa Ziwa la Ng'ombe. Aliyeupa jina hakuwa akitunga shairi. Wazee wetu waliita mahali kwa kile walichokiona, na sisi tumejenga juu yake kisha kila mwaka tunashangaa maji yakirudi nyumbani kwao. Kila mtaa wa tambarare ulikuwa na kidimbwi chake, bonde la mpunga au uwanda wa majani ambao hakuna aliyejenga kwa sababu ulikuwa "unaingia maji". Viwanja hivyo ndivyo vilivyouzwa rahisi baadaye, na waliovinunua ndio tunaowaona kwenye taarifa za habari wakibeba televisheni kichwani.

Ziwa halirudi. Watu wanaishi pale, na sitaki kusikia habari ya tingatinga. Lakini hifadhi inaweza kupatikana kwingine kwa ujanja. Uwanja wa mpira una mita za mraba 7,000 hivi. Ukishushwa nusu mita kuliko mitaa inayouzunguka, unapokea lita milioni 3.5. Hekta yetu ya mtaa ilitoa lita 400,000 kwa saa moja ya mvua. Basi uwanja mmoja unaweza kulaza maji ya saa hiyo ya karibu hekta 9, ukayashikilia mpaka bahari ipwe, ukayaachilia polepole. Siku zote zilizobaki vijana wanacheza mpira kama kawaida. Kinachotakiwa ni njia ya kuingia, njia ya kutokea, na mtu wa kufagia mchanga baadaye. Huyo wa tatu ndiye mgumu kupatikana.

Kwenye mchanga na kwenye jiwe la matumbawe, mashimo ya kupotezea maji yanasaidia sana, mradi yawe mbali na choo na kisima, na mradi mtu asiyategemee mwezi wa Mei ardhi ikiwa imeshiba. Kabro nayo ingeweza kuwekwa yenye mianya, juu ya kokoto badala ya saruji. Mikindani, tena, tuache mashimo. Huko kazi ni kuvunja mwendo: ngazi za mawe ndani ya mtaro, nyasi kwenye miteremko, na kutomruhusu mtu kukata ukingo wa bonde ili apate kiwanja cha futi arobaini kwa themanini.

Na matangi. Hili linaniuma kuliko yote. Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, Baricho kwenye Mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayatoshi, kila mtu anajua. Mwenye mkokoteni anapita Mei akiuza maji kwa mtungi, magurudumu yake yamezama nusu kwenye maji ya bure. Tangi la lita 5,000 lingekunywa mvua yote ya milimita 50 ya paa lile la mita 10 kwa 10. Litaizuia mara moja tu, sikatai; likijaa, mvua ya pili inapita juu. Lakini nani Mombasa anashindwa kumaliza tangi? Waliotutangulia hawakuwa na uvivu huu. Ndani ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa 1593, birika la kukusanyia maji ya mvua bado lipo, na watalii wanalipiga picha.

Huko juu mitoni, nako kuna kazi. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, mikoko ya hori la Mwache ilikufa kwa wingi. Haikukatwa wala kuchomwa. Tope lililoshuka kutoka mashamba yaliyo wazi lilifunika mizizi yake ya kupumulia, ikakosa hewa. Mwenye mkoko uliokufa amepoteza ukuta na kichujio kwa pamoja: ile mizizi ndiyo inayopunguza nguvu ya wimbi na kulifanya tope litulie kabla ya kujaza mkondo. Kanuni za maji za nchi hii zinataka kingo za mto ziachwe wazi, kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto. Utembee kando ya kijito chochote kinachopita mtaani ukahesabu hatua sita. Utaingia sebuleni kwa mtu.

Si kila kitu kimeharibika. Kwa miaka mingi tulikuwa tumeiziba njia ya bahari yenyewe pale Makupa, kwa tuta la barabara lililotenganisha maji ya hori la Tudor na yale ya upande wa Port Reitz. Daraja jipya lilipofunguliwa 2022 na tuta kuondolewa, mkondo ukarudi kupita. Wavuvi waliliona jambo hilo kabla ya magazeti.

Machi iliyopita, siku ya bamvua, niliamua kuufuata mtaro wetu kutoka lami hadi mwisho wake. Nilikwenda saa nne asubuhi, maji yakiwa yamepwa kabisa, pamoja na mjukuu wa babu na vijana wawili wa mtaa. Kipande cha kwanza ni kazi safi, mawe yamepangwa, sakafu ya saruji. Kalvati la kwanza limejaa mchanga hadi nusu. Mbele yake bomba la maji limekatiza mtaro kwa kimo cha kifua, na juu yake kumening'inia matambara na plastiki kama nguo za kuanikwa. Kisha slabu ndefu yenye vibanda vinne juu yake. Hatukuweza kuona chini, mjukuu akarusha jiwe tukasikia likitua kwenye kitu laini. Tukapita nyuma ya nyumba, tukapita bomba jipya la plastiki ambalo hakuna aliyetaka kusema ni la nani, harufu ilijisemea. Upepo wa bahari ukaanza kutupiga. Vilele vya mikoko vilionekana mbele yetu, na mtaro ukaishia ukutani.

Ukuta wa mawe, mrefu, mpya, wenye vigae vya chupa juu. Chini yake mjenzi alikuwa ameacha matundu.

Tuliporudi, babu alikuwa barazani. Tukamweleza. Hakuuliza ukuta ni wa nani.

"Matundu mangapi?"

"Mawili."

"Makubwa kiasi gani?"

Mjukuu akamwonyesha ngumi yake.

Mzee akaitazama ile ngumi, akaweka kikombe chini, akahesabu kwa vidole kama kawaida yake, halafu akaacha katikati.

"Basi mwaka huu msingoje mwezi kumi na tano."